Kusoma kurekodi muziki katika chuo cha jamii California: kuanzia fomu hadi maiki

Kozi ya muziki wa kibiashara katika chuo cha jamii inakupa kitu ambacho video za mtandaoni haziwezi kukupa: saa za kukaa ndani ya studio iliyokamilika, mikono yako ikiwa kwenye vifaa, na mwalimu akiwa karibu kukusahihisha. Yuniti (kipimo cha uzito wa kozi), alama na cheti vina kazi yake, lakini anayemaliza akiwa anaweza kazi ni yule aliyezitumia saa hizo vizuri. Kwa hiyo hapa tunaeleza kwanza namna ya kuingia, kisha tunakaa kwa kirefu ndani ya studio.

Kuingia

California ina vyuo vya jamii 116 vya umma, na si vyote vina studio. American River College ya Sacramento, Citrus College ya Glendora na Foothill College ya Los Altos Hills ni baadhi ya vile vinavyojulikana kwa fani hii. Majina yanatofautiana: kimoja huiita muziki wa kibiashara, kingine sanaa ya kurekodi, kingine teknolojia ya muziki. Ukitafuta jina moja tu kwenye katalogi utavikosa vingine.

Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa kila yuniti. Kozi ya yuniti 3 ni dola 138, na mwaka wa yuniti 24 ni dola 1,104, mbali na tozo ndogondogo za afya, maegesho na vifaa. Asiye mkazi hulipa mara kadhaa zaidi, na kila chuo hupanga kiwango chake. Ukazi maana yake umeishi California kwa mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza, na una nia ya kubaki. Tunza ushahidi tangu siku ya kwanza: mkataba wa nyumba, leseni ya udereva, fomu za kodi.

Ukiwa na kipato kidogo, omba California College Promise Grant, ambayo inafuta zile dola 46. Kisha jaza FAFSA kwa ajili ya msaada wa serikali kuu. Mkimbizi aliyepokewa kisheria naye hujaza FAFSA, kwa hiyo wenzetu waliotoka Kongo au Burundi kwa njia hiyo wasidhani fomu ile ni ya raia peke yao. Nenda ofisi ya misaada ya fedha ukiwa na I-94 (hati ya kuingia Marekani) mkononi, na waulize pia kuhusu unafuu wa ada kwa wakimbizi ambao hawajatimiza mwaka. Aliyesoma sekondari California bila kuwa na vibali aulize kuhusu AB 540 (sheria ya unafuu wa ada ya asiye mkazi) na fomu ya California Dream Act, ya kuombea msaada wa jimbo. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 lazima asome angalau yuniti 12 kila muhula, na asipange bajeti kwa kutegemea kibarua cha nje ya chuo.

Nafasi za darasa la kurekodi ni chache kwa sababu vituo vya kazi ni vichache. Ukikuta limejaa, jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, halafu fika siku ya kwanza kabla ya saa ya kipindi. Siku hiyo mwalimu huwafuta wasiofika na kuwapa waliopo namba za kujiongezea darasa. Wengi hukosa nafasi kwa kuamini kwamba barua pepe itawaita. Na ukiwa umeandikishwa tayari, usikose siku hiyo hata kama una dharura ndogo, maana utafutwa wewe.

Uanze na kozi zipi

Muhula wa kwanza unatosha kuwa na nadharia ya msingi ya muziki, kinanda, kurekodi ya kwanza na biashara ya muziki. Vijana wengi huiruka nadharia na kinanda wakitaka kufika kwenye mikseri haraka. Ni kosa. Prodyuza asiyejua kusema "rudi kwenye baa ya tano, sauti ya pili ipande nusu toni" hupoteza nusu ya muda wa studio akiimbaimba mwenyewe ili aeleweke. Kama Kiingereza chako bado kinajengeka, kinanda ni darasa zuri la kuanzia, kwa sababu mengi utayaelewa kwa macho na masikio huku ukiendelea na madarasa ya lugha.

Yuniti moja ya maabara ni takriban saa 3 kwa wiki. Ukiwa na kazi ya kutwa, yuniti 6 au 7 zinatosha. Cheti huhitaji yuniti chache kuliko shahada ya miaka miwili, ambayo ni yuniti 60 pamoja na masomo ya jumla kama Kiingereza na hisabati. Ukilenga kuhamia chuo kikuu cha serikali, fungua tovuti ya ASSIST kabla ya kuchagua madarasa, uone ni kozi zipi zinapokelewa huko uendako. Kozi za studio si lazima zihesabiwe zote kwenye fani yako.

Usinunue vifaa vingi. Nunua hedifoni zilizofungwa nyuma (Sony MDR-7506 utazikuta studio nyingi, na bei yake haivunji mfuko), diski ya nje ya SSD ya terabaiti 1, na daftari. Maiki za chuo ni bora kuliko utakazomudu sasa, na kazi yako ni kuzifahamu hizo kwanza.

Njia ya sauti

Mtihani wa kwanza wa darasa la kurekodi, na wa kila siku baada ya hapo, ni huu: mwimbaji anaimba na hakuna kinachosikika. Anayebahatisha atabonyeza vitufe 20 na kuharibu mpangilio wa mwenzake. Anayejua atafuata njia, kituo kwa kituo: mdomo, maiki, kebo ya XLR, boksi la ukutani, pachibei (paneli ya matundu ya kuunganishia vifaa), kikuza sauti cha maiki, kifaa cha kubadili sauti kuwa dijitali, traki kwenye kompyuta, kisha kurudi nje hadi kwenye spika au hedifoni.

Simama katikati ya njia hiyo, kwenye kikuza sauti. Je, taa yake inacheza mwimbaji akiimba? Ikicheza, tatizo liko mbele: traki haijachaguliwa kurekodi, imepewa mlango usio wake, au spika zimezimwa. Isipocheza, tatizo liko nyuma: kebo, namba ya mlango kwenye boksi la ukutani, au maiki ya kondensa isiyopata umeme. Umeshagawa tatizo nusu kwa sekunde 5. Endelea kugawa hivyo hivyo mpaka ulipate.

Kebo ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Kwenye XLR, pini ya 1 ni ya ngao, ya 2 hubeba sauti ilivyo, ya 3 hubeba sauti hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Upande wa kupokea hutoa tofauti kati ya 2 na 3, na mvumo ulioingia njiani kwa usawa hujifuta. Pini ya 3 ikikatika, sauti inaweza kuendelea kupita, lakini nyembamba, dhaifu na yenye mvumo. Ndiyo maana kebo mbovu mara nyingi hudhaniwa kuwa maiki mbovu. Badilisha kebo kwanza, na ile mbovu ifunge fundo na umpe msimamizi. Ukiirudisha kwenye ndoano, kesho itamtesa mwenzako.

Maiki za kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 unaopitia kebo hiyohiyo. Maiki za dainamiki kama Shure SM57 haziuhitaji, na ukiwashwa haziumii kama kebo ni nzima. Za riboni, zenye utepe mwembamba wa metali ndani, ndizo za kuogopa. Pachibei nyingi hutumia plagi ndogo ambazo, zikisukumwa ndani, hugusanisha nyaya kwa nukta moja, na kama volti 48 zipo, mshtuko huo unaweza kuunyosha au kuukata ule utepe mwembamba. Utaratibu wa kushika ni huu: shusha gaini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki), zima volti 48, subiri kama nusu dakika, unganisha, kisha washa tena. Spika ziwe zimezimwa muda wote huo.

Kufungua sesheni

Sesheni ni faili la mradi wako kwenye programu ya kurekodi. Iweke biti 24 na kilohezi 48, isipokuwa mwalimu ameagiza vingine. Jina la sesheni liwe na tarehe, msanii na wimbo, na kila traki ipewe jina kabla ya kurekodi. Programu huyapa mafaili jina la traki, na ukirekodi bila kutaja utakuwa na mafaili 40 yanayoitwa Audio 1_01, Audio 1_02 na kuendelea, ambayo wiki mbili baadaye hata wewe huyatambui.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde mara baiti 3 ni baiti 144,000 kwa sekunde, yaani megabaiti 8.64 kwa dakika kwa traki moja ya mono. Traki 16 kwa wimbo wa dakika 5 ni takriban megabaiti 691, na kila mkirudia mara moja zinaongezeka nyingine kama hizo. Mkirudia mara sita mmefika gigabaiti 4.

Bafa, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, iwe sampuli 64 au 128 wakati wa kurekodi. Kwa 48,000, sampuli 128 ni kama milisekunde 2.7, na mwimbaji haisikii. Ukiiacha kwenye 1,024 ni milisekunde 21 kwa upande mmoja tu wa safari, na mwimbaji atajisikia kwenye hedifoni akija nyuma ya mdomo wake. Ataanza kuchelewa, nawe utadhani hajui kuhesabu mapigo. Bafa kubwa ni ya kumiksi.

Wimbo ukisikika umepanda au umeshuka kwa karibu toni moja kasoro, usimlaumu mpiga gitaa. Sesheni imefunguliwa kwa 44.1 na kifaa kiko kwenye 48, au kinyume chake. Tofauti hiyo ni karibu nusu toni moja na nusu.

Gaini: mwambie mwimbaji aimbe sehemu ya juu kabisa ya wimbo, si ubeti wa kwanza. Vilele vifike kati ya -12 na -8 dBFS (desibeli za dijitali, ambazo kikomo chake ni sifuri), wastani uwe jirani na -18. Wanaotoka kwenye studio za mtaani wamezoea kusukuma mpaka taa nyekundu iguswe ili "sauti ishibe". Kwenye dijitali, kilichopita sifuri kimekatwa na hakirudi, na biti 24 zina nafasi ya kutosha kukuwezesha kurekodi kwa utulivu.

Mwimbaji mmoja mbele ya maiki

Anza na umbali wa sentimita 15 hadi 20, chujio la pumzi likiwa sentimita 5 hadi 10 mbele ya maiki. Mwimbaji akisogea hadi sentimita 5, besi huvimba, jambo la kawaida kwa maiki za kadioidi, yaani zinazopokea zaidi sauti ya mbele. Akirudi nyuma hadi nusu mita, chumba kinaanza kusikika kuliko yeye. Weka utepe sakafuni mahali pa vidole vya miguu.

Kwa Kiswahili, zijaribu herufi zenye pumzi kabla ya kurekodi. Mwambie aseme "papa, pepo, pipa, popo, pupa", halafu usikilize kwenye hedifoni. Mwimbaji wa Mombasa au Lamu anayetofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi ya p atakulipulia maiki pale ambapo wa bara angepita salama. Dawa si kumwambia abadilishe lafudhi yake, kwani ladha ya wimbo iko humo. Izungushe maiki nyuzi 15 hadi 20 pembeni ya mdomo, au ipandishe usawa wa pua ikiangalia chini kidogo. Pumzi itapita chini yake na sauti itabaki. Kichujio cha besi cha hezi 80 kinasaidia juu ya hapo, lakini p iliyoshagonga maiki kwa nguvu haifutiki vizuri.

Hedifoni zake ziwe na sauti ya kumtosha tu. Zikipigwa sana, mapigo ya ngoma yatavuja na kuingia kwenye maiki, nawe utayagundua pale utakapotaka kuacha sauti peke yake bila ala.

Mradi wa muhula: walete watu wako

Walimu wengi huhitaji wimbo mmoja kamili mwishoni mwa muhula. Wanafunzi wengi hutengeneza mdundo kwenye kompyuta na kuongeza sauti moja. Ushauri wetu ni kuleta kundi lililo hai. Makanisa ya Wakongomani na Waafrika Mashariki Marekani yana kwaya na wapiga gitaa, na studio ya chuo ni bure kwako kama mwanafunzi. Hutapata tena chumba kikubwa chenye maiki 20 kwa bei hiyo.

Kwa kwaya ya watu 12, wapange nusu duara, mistari miwili. Chukua kondensa mbili zinazofanana, vichwa vyake vikiachana sentimita 17 na kufungua pembe ya nyuzi 110. Mpangilio huu huitwa ORTF. Pandisha stendi mita 2.5 hivi, umbali wa mita 2 hadi 3 kutoka mstari wa mbele, maiki zikiangalia chini kidogo kuelekea mstari wa nyuma. Weka mfuko wa mchanga kwenye mguu wa stendi. Kisha vaa hedifoni, waimbe, na sikiliza nani anatokeza. Mama mwenye sauti kubwa asiambiwe apunguze. Msogeze nusu mita nyuma au mpeleke pembeni. Sauti ya pili ikipotea, ilete katikati. Dakika 15 za kuwahamisha watu zinazidi siku nzima ya kusawazisha kwenye kompyuta.

Kiongozi wa wimbo apewe maiki yake. Kanuni ya kutumia hapa ni moja kwa tatu: kama maiki yake iko sentimita 20 kutoka mdomoni, maiki nyingine yoyote iwe angalau sentimita 60 mbali. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani milisekunde 2.9 kwa kila mita. Ikifika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo na kwa nguvu zinazokaribiana, baadhi ya masafa hufutana na sauti inakuwa kama inatoka ndani ya bomba.

Gitaa la seben (sehemu ya kuchezesha ya muziki wa Kongo) lirekodiwe kwa njia mbili pamoja: kebo moja kwa moja kupitia DI (boksi la kuunganishia ala bila maiki), na SM57 mbele ya spika ya amplifaya, sentimita 2 au 3 kutoka kitambaa. Katikati ya koni sauti ni kali, pembezoni ni laini. Anza katikati ya pande hizo mbili. Ukichanganya traki mbili na sauti ikawa nyembamba kuliko moja peke yake, geuza polariti ya mojawapo, yaani wimbi lake lipinduliwe juu chini. Ikishiba, umepata. Ndivyo pia kwa snea (ngoma ndogo ya dramu) yenye maiki juu na chini: ya chini hugeuzwa karibu kila mara.

Kwa nafasi ya saa 4, panga dakika 45 za kufunga maiki kabla wageni hawajafika, saa 2 na dakika 15 za kurekodi, nusu saa ya kuchanganya haraka ili kila mtu aondoke amesikia, na nusu saa ya kufungua vitu. Ile nusu saa ya mwisho ndiyo huliwa kila mara, na ndiyo inayomfanya msimamizi akupe au akunyime nafasi wiki ijayo.

Kufunga

Zima spika kwanza, vifaa vingine baadaye. Ukiwasha, spika ziwe za mwisho. Ukikosea mpangilio huo, mshindo utapita moja kwa moja kwenye koni za spika. Rudisha vitufe vya mikseri kwenye sifuri. Kunja kebo kwa mzunguko mmoja wa juu na mmoja wa chini kwa zamu, bila kuzungushia kwenye kiwiko, kwa sababu msokoto wa kiwiko hukata nyaya ndani.

Kisha nakili kazi yako. Nakili folda nzima, si faili la sesheni pekee. Kwenye Pro Tools, faili la .ptx ni ramani tu, na sauti zenyewe zimo kwenye folda ya Audio Files pembeni yake. Kila muhula kuna mwanafunzi anayefika nyumbani na ramani bila sauti, na kompyuta za maabara husafishwa. Fungua nakala kutoka kwenye diski yako na uipige kabla hujaondoka. Weka nakala ya pili nyumbani na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Linda masikio pia. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza saa 8 kwa desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Miksi kwa sauti ambayo unaweza kuzungumza na mwenzako bila kupaza. Besi na sauti kali husikika kubwa zaidi ukipandisha, kwa hiyo miksi iliyofanywa kwa kelele ikichezwa taratibu kwenye simu inakuwa kavu.

Makaratasi ya wimbo

Darasa la biashara litakufundisha kwamba kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi yenyewe. Watu wa kwaya, mpiga gitaa na wewe mnaweza kuwa na sehemu tofauti kwenye kila moja. Andikeni mgawanyo siku hiyohiyo ya kurekodi, kabla hamjaondoka: jina kamili la kila mtu, amefanya nini, asilimia yake ya utunzi, asilimia yake ya rekodi, sahihi. Jumla ya kila safu iwe 100. Kama wimbo ni wa zamani wa kanisani, tafuteni mtunzi kabla ya kuandika "wa asili". Nyimbo nyingi zinazodhaniwa kuwa za asili zina mwenyewe.

Marekani mtunzi hujiandikisha na chama kimoja cha haki za kupigwa kwa wimbo, kwa kawaida ASCAP au BMI. Fedha za utunzi za kunakili wimbo (mechanical) zinazotokana na huduma za kusikiliza mtandaoni hukusanywa na The MLC, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2021. Fedha za rekodi kutoka redio za mtandaoni na za setilaiti hupitia SoundExchange. Kila rekodi ipewe namba ya utambulisho ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, na namba hiyo uiandike kwenye jedwali lako pamoja na tarehe, majina ya waimbaji na mahali nakala zilipo. Ukienda kuomba nafasi ya kujifunza kazini, chukua jedwali hilo, miksi tatu zisizozidi dakika 3 kila moja, na sesheni moja iliyopangwa vizuri ambayo mhandisi anaweza kuifungua na kuisoma bila kukuuliza swali.